Mlima na Mji: Tarehe ya Watu wa Bungu na Riwaya Zetu

Mwenye kuzisoma riwaya za Kiswahili zilizotungwa katika miaka ishirini ya kwanza baada ya uhuru hukutana, kitabu baada ya kitabu, na msafiri ambaye jina lake hubadilika lakini safari yake ni ile ile: huiaga nyumba ya wazazi akiwa na matumaini mengi na akiba haba, huingia mjini asikojua mtu, hupatwa huko na yale ambayo wazee walimhadharisha nayo, na mwishowe, ikiwa hakuangamia, hurejea alikotoka akiwa si yule aliyeondoka. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, alitoka Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe akaenda kusoma Mwanza, kisha Morogoro, na kila hatua iliyomweka mbali na baba yake mkali ilimsogeza karibu na maangamizi. Ndyanao Balisidya, katika Shida ya mwaka 1975, aliwaandika vijana waliokimbia ufukara wa kijiji wakaukuta mwingine mjini. Na Rehema wa Mohamed Suleiman Mohamed, katika Nyota ya Rehema ya mwaka 1976, alilikimbia shamba la baba yake, mji ukampokea kwa namna unavyowapokea wasichana wasio na kwao, wala raha haikumdumia hata alipoolewa na Sulubu, mkulima mwema.

Sizitaji riwaya hizi kwa kuzitia ila, maana ni katika fahari za lugha yetu. Nazitaja kwa sababu zimetuzoeza kuamini kuwa kati ya shamba na mji pana mpaka mmoja, na kwamba auvukaye huuvuka mara moja tu na kwa hasara. Tarehe ya watu wa milima ya Usambara, na hasa ya Bungu, tarafa iliyo juu ya mlima katika wilaya ya Korogwe, upande wa kusini wa Usambara Magharibi, yashuhudia jambo jingine, nalo ni kwamba watu hawa walikuwa wakiishi mahali pawili tangu zama ambazo Dar es Salaam haijazaliwa, na kwamba kushuka na kupanda kwao ndiko kulikokuwa maisha yenyewe.

Shahidi wa kwanza ni kitabu, tena cha Kiswahili. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewahi kukaa na Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, kabla ya kuwa liwali wa Tanga, aliandika Habari za Wakilindi, zikachapwa na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha zikatolewa upya mwaka 1962. Humo tunasoma jinsi Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Ngulu, alivyoingia katika milima hii, akawapa wenyeji nyama nao wakampa chakula cha shamba, hata wakamkalisha Vuga na kumtukuza kwa jina la Simba Mwene. Msomaji wa haraka huona hapo ngano ya mfalme tu; lakini aliyezaliwa mlimani huona jambo analolijua, yaani nyama ya nyikani na ndizi ya mlimani zikikutana katika kikapu kimoja. Washambaa, wenyeji wa milima hii, walipenda kuweka vijiji vyao karibu na ukingo wa mlima, ili waweze kulima juu penye baridi na mvua, na kulima chini penye joto, na njaa ya upande mmoja ifutwe na mavuno ya upande wa pili.

Vuga nao ulikuwa mji. Mmisionari Krapf alifika huko mwaka 1848, akampata Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi iliyoshuka kutoka milimani hata ikagusa pwani. Watu wa Bungu na wa pande nyingine za himaya walipanda Vuga kwa mashauri na kwa kutoa kodi, kisha wakarudi mashambani kwao, wala hapana aliyewahesabu kuwa wamepotea. Mambo yalibadilika alipofariki Kimweri mwaka 1862, kwani mwanawe Semboja hakutaka kukaa Vuga, bali alijenga Mazinde, chini kabisa katika nyika, pale ilipopita njia ya misafara, akajitajirisha kwa biashara na kwa bunduki. Kwa mara ya kwanza nguvu ya nchi ikahama kutoka mlimani ikashukia bondeni, na pamoja na nguvu ikaja khofu, maana katika vita vya wakuu wa Kikilindi watu wengi wa mlimani walikamatwa wakauzwa pwani. Nadhani mashaka ya wazee wa Usambara juu ya nchi ya chini, ambayo vijana wa leo huyadhania kuwa ni woga wa malaria tu, yana mzizi wake mmoja katika miaka hiyo.

Kisha wakaja Wadachi. Mwaka 1893 ilianza kujengwa Tanga ile reli ya Usambara, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Na mwaka huo huo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika 62 tu iliyo hai, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika hiyo 62 ndimo ilimotoka ile bahari ya mkonge iliyokuja kuizunguka milima yetu. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono haikuja kwa hiari. Kodi ya nyumba iliyowekwa mwaka 1898 ililazimisha kila mwenye nyumba kutafuta fedha, na ilipoonekana kuwa Mshambaa aweza kulipa kodi kwa kuuza mazao yake asimtumikie mtu, serikali ya wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ilianzisha mwaka 1907 utaratibu wa kadi: kila mwanamume mzima alipewa kadi, akatakiwa amtumikie mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliotajwa.

Na tuitazame kadi ile kwa makini. Siku 30 katika siku 120 ni robo ya umri wa mtu. Haikumhamisha mkulima kutoka kwake, kwa maana miezi mitatu iliyosalia alikuwa shambani mwake. Wala haikumwacha kwake, kwa maana robo ile ilirudi kila mara, ikamkuta wakati wa kupanda au wakati wa kuvuna. Hapo ndipo kule kushuka na kupanda kwa zamani, kulikofuata mvua na mavuno, kulipofanywa kufuata karatasi. Waingereza walipokuja hawakuiacha hesabu hiyo, bali waliisambaza: katika mashamba ya mkonge kibarua alipewa kipande chenye nafasi 30 za kutiwa alama, na hakulipwa mshahara wake hata zijae zote. Siku aliyoumwa haikutiwa alama. Siku aliyoshindwa kuitimiza kazi aliyopimiwa haikutiwa alama.

Washambaa wengi walikataa kufungika na kipande. Wale waliojaza kambi za mkonge za Korogwe na Muheza walikuwa aghalabu wageni waliotoka mbali, Waha, Wabena, Wanyamwezi na Warundi, ambao watu waliwaita manamba, na ambao tangu mwaka 1944 waliletwa kwa wingi na shirika la waajiri lililoitwa SILABU. Mtu wa Bungu alishuka pale tu alipohitaji kodi au mahari, akafanya kazi ya muda, akapanda mlima na fedha yake. Kwa wenye mashamba huo ulikuwa uvivu, na maneno hayo yalirudiwa miaka mingi; kwangu mimi ni siasa ya hekima kubwa, maana ilimwezesha mtu kuila fedha ya mji bila ya kuliwa na mji.

Zaidi ya hayo, kazi ya ujira ilimfuata huko huko juu. Mashamba ya chai ya Ambangulu na Dindira yalifunguliwa katika misitu ya pande hizo, na kwa chai mlima wenyewe ukapata kipande cha maisha ya mji: king'ora cha asubuhi, mizani, karani, siku ya mshahara. Mchumaji huingia shambani umande haujakauka, kikapu mgongoni, vidole vikitafuta majani mawili na chipukizi lake bila ya macho kutazama, na jioni husimama mbele ya mizani akingoja kilo zake ziandikwe. Akishavua kikapu hurudi nyumbani kwake, hukoka moto, hupika, na kesho yake, ikiwa si zamu yake, huenda kulipalilia shamba lake la maharage. Je, huyu ni mtu wa shamba au wa kiwanda? Sijaona riwaya ya Kiswahili iliyomwandika yeye.

Na aghalabu mchumaji huyo ni mwanamke, kama ambavyo aliyebaki shambani zama za mkonge alikuwa mwanamke. Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha mwaka 1946 mpango wake wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, kisha ikaueneza katika pande nyingine za Usambara, na kuwaamuru watu wachimbe matuta katika makonde ya mteremko, mzigo wa jembe uliwaangukia hasa wale waliokuwapo, nao walikuwa wake, mama na dada wa walioshuka. Chuki ya matuta ikawa katika mambo yaliyowatia watu wa milimani katika chama cha TANU kwa moyo wote, na mpango ule uliachwa kabla ya uhuru. Wakulima wale waliitetea ardhi dhidi ya amri, lakini kadhalika walikuwa wakiutetea mpango wa maisha ambao kwao mwenye kushuka hujua kuwa yupo aliyebaki juu. Bila ya mwenye kubaki hapana pa kurudi, na jambo hili, ambalo kila nyumba ya Bungu yalijua, ndilo lililokosekana katika vitabu vyetu, ambavyo humfuata anayeondoka na kumwacha mlangoni yule aliyempungia mkono.

Mataifa mengine nayo yaliyapitia hayo, na yafaa tutazame waandishi wao walifanyaje. Nchi ya Denmark, ambayo leo twaidhania kuwa ya miji mitupu, ilikuwa nchi ya wakulima na vibarua wa mashamba hata karne ya 20 ilipoingia. Martin Andersen Nexø, katika Pelle Erobreren, riwaya aliyoitoa kati ya mwaka 1906 na 1910, alimfuata mtoto wa kibarua tangu zizi la ng'ombe katika kisiwa cha Bornholm hata karakana za washona viatu na migomo ya Copenhagen, na mji kwake ulikuwa mahali ambapo maskini hupata wenziwe na kujifunza umoja. Lakini anayenigusa zaidi ni Johannes V. Jensen, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1944: yeye aliihama wilaya yake ya Himmerland akakaa Copenhagen, na kutoka huko akaandika mfululizo wa hadithi juu ya wazee, wake na vibarua wa kwao, mmoja mmoja, wengi wao wakiwa watu ambao hawakuondoka. Yaani alihama, akautumia uhamaji wake kuwaandika waliobaki.

Kwetu aliyekaribia kazi hiyo ni Shaaban Robert, jirani yetu wa Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuishi maisha yake ya kazi katika ofisi za serikali. Katika Utubora Mkulima, iliyochapwa mwaka 1968 yeye akiwa amekwisha fariki, alimwondoa mtu katika ajira ya mjini akampeleka kulima, akatukuza jembe kwa maneno matamu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu yake kwa Kiswahili. Hata hivyo Utubora ni mtu aliyechagua shamba kwa wema wa tabia yake, ilhali mchumaji chai wa Dindira na mwanamke mchimba matuta hawakuulizwa. Siasa ya nchi nayo iliuona mpaka ule ule wa shamba na mji: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kwa uwazi kwamba mikopo hutumiwa zaidi mijini, na mkulima ndiye huilipa; nayo ile kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakamata wasio na ajira mjini na kutaka kuwarudisha mashambani, kana kwamba kurudi ni jambo la amri. Watu wa milimani walikuwa wakirudi wenyewe miaka mia kabla, kwa mazishi, kwa arusi, kwa kupanda na kwa kuvuna.

Hata leo hawajaacha. Ndizi na maharage ya mlimani hushuka Korogwe, Tanga na Dar es Salaam, na fedha ya mjini hupanda kwa simu kabla ya aliyeituma kuinua mguu. Kijana anayeendesha bodaboda mjini ana migomba yake juu, na mama yake anaijua idadi yake.

Nawaomba basi walimu na wanafunzi wa shule za tarafa ya Bungu, na kila mwana wa milima hii aliye na kalamu huko aliko, waende kwa bibi zao wakae chini wawaulize: nani alilima baba alipokuwa mkongeni, kodi ilipatikana wapi, matuta yalichimbwaje, barua ya kwanza kutoka mjini ilisomwa na nani. Wayaandike majibu kwa Kiswahili, kwa jina la mahali na la mwaka. Na waanze mwaka huu, kwa kuwa waliovuka zama za matuta wakiwa na akili timamu za kuyasimulia wamebaki wachache.