Bomba la tumbo: kuingiza rahisi, kubana ndiyo kazi

Haya wadau, msicheke. Leo ni historia ya bomba la tumbo, yaani dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Kuingiza si kazi. Kazi ni kubana isitoke.

Wamisri waliandika dawa hizi kwenye mafunjo ya Ebers, kama mwaka 1550 K.K. Kongo, ukivuka ziwa kutoka Karema, kifaa kilikuwa kibuyu. Wazungu nao bomba la kusukuma, baadaye mfuko wa mpira unaotundikwa. Mgonjwa hulalia ubavu wa kushoto, maana utumbo mpana unamalizikia huko, na maji yakienda taratibu tumbo halishtuki. Watu wa eksirei wakaongeza mrija wenye puto la kuziba kwa ndani (ukilijaza kupita kiasi, utumbo unapasuka!). Wapo hata watu wazima wanaofanya kwa starehe tu. Mwaka 1973 daktari Mmarekani, Joanne Denko, aliwapa jina la kitaalamu. Mambo yao hayo.

Mimi nawaza watoto. Sisi wa Mpanda tunajua vijiji vilivyo mbali na hospitali. Mtoto mwenye malaria kali, anatapika, hajitambui, atamezaje dawa? Utafiti wa Tanzania, Ghana na Bangladesh uliotoka 2009 ulionyesha kidonge cha artesuneti cha kuweka nyuma kilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu karibu nusu, kwa waliokuwa hawajafika kituoni baada ya saa 6. Na kifaa cha kubania? Mikono ya mama. Anabana makalio ya mtoto dakika 10. Kikitoka kabla ya nusu saa, anaweka kingine, halafu safari ya hospitali palepale.