Muuguzi na Vitabu: Safari Haikuanza Leo



Wiki iliyopita alikuja mteja wangu, muuguzi, kupima sare mpya. Anasoma shahada ya uzamili ya uuguzi kwa mtandao, mwaka wa pili, na zamu za usiku anaingia kama kawaida. Nampima bega akanambia, "Dada, nataka kuacha. Nyumbani wananiuliza, mtu mzima mwenye watoto watatu, skuli ya nini tena? Uuguzi ni mikono, si vitabu."

Siku ile nilikosa la kumwambia. Nimekwenda kusoma, na leo namjibu.

Tuanze Madina. Rufaida al-Aslamiyya, Allah amridhie, anasimuliwa kuwa alikuwa na hema la kutibia majeruhi katika msikiti wa Mtume (S.A.W.). Saad bin Muadh alipojeruhiwa vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, alitibiwa humo. Chuo hakikuwepo. Elimu ilipatikana kwenye kazi yenyewe.

Mwaka 1860 Florence Nightingale akafungua skuli ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' huko London. Wanafunzi waliishi hapohapo na kujifunza wodini. Marekani nako zikafunguliwa skuli za hospitali, lakini nyingi ziligeuza wanafunzi kuwa vibarua wa bei rahisi. Kutwa wako wodini, wakifika darasani wamechoka hoi.

Wauguzi wenyewe ndio waliolipinga hilo. Mwaka 1899, katika Teachers College ya Columbia, New York, yakaanza masomo ya chuo kikuu kwa wauguzi waliokwisha hitimu, ili waweze kufundisha na kuongoza. Mwaka 1907 Adelaide Nutting akawa profesa hapo, muuguzi wa kwanza duniani kupewa cheo hicho. Basi anayesema uuguzi si vitabu amechelewa zaidi ya miaka mia.

Ila mlango ule ulikuwa na kizingiti kirefu. Ili usome, uache kazi, uhame. Mama mwenye watoto na mshahara unaotegemewa na ukoo mzima angewezaje?

Huku kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mwaka 2001 kuwafundisha wauguzi walioko kazini, Kenya, Tanzania na Uganda. Mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya wakaanzisha masomo kwa kompyuta, ili wauguzi wa cheti wapande hadi diploma bila kuacha kazi. Sasa hata uzamili unasomwa hivyo. Skuli imemfuata muuguzi alipo.

Lakini tusidanganyane. Kizingiti hakikuondoka, kimehamia nyumbani. Zamani alizuiwa na safari, leo anazuiwa na sufuria, nguo za kufua na mtoto anayelia saa tano usiku wakati kazi ya chuo inatakiwa kesho. Hapo kompyuta haimsaidii. Tutamsaidia sisi.

Kutafuta elimu ni faradhi, tumefundishwa tangu chuoni kwa maalim. Basi ukiwa na wifi, dada au jirani muuguzi anayesoma, mchukulie watoto Jumamosi moja. Mpelekee chakula akitoka zamu.

Na wewe mteja wangu, sare iko tayari. Njoo Ijumaa baada ya sala, na watoto waache kwangu mpaka Magharibi. Uje na mkoba wa vitabu.