Kisu cha Kahura: upasuaji wa uzazi ulivyopita mkono kwa mkono

Mwaka 1879, katika kijiji cha Kahura, ufalme wa Bunyoro ambao leo ni sehemu ya Uganda, mwanamke wa miaka kama 20 mwenye mimba ya kwanza alilazwa juu ya kitanda kilichoinamishwa. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea. Alifungwa kifuani na mapajani kwa nguo ya magome ya mti, mwanamume mmoja akamshika miguu, na mwingine akalituliza tumbo lake. Mpasuaji alisimama upande wa kushoto akinuiza. Alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaliosha tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyohiyo, kisha akaosha tena kwa maji.

Akapaza sauti, na umati uliokuwa nje ukaitika. Kwa mkato mmoja wa haraka alipasua kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Kila palipotoka damu, msaidizi aligusa kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kitovu kikakatwa, na mtoto akapokelewa na msaidizi mwingine. Mpasuaji akaacha kisu, akaukamata mji wa mimba kwa mikono miwili na kuuminya ili ujikaze. Kisha akaingiza mkono, akapanua mlango wa kizazi kutokea ndani, akatoa kondo la nyuma na mabonge ya damu. Kabla ya kufunga, walimfunika mgonjwa kwa mkeka wa majani na kumgeuza hadi ukingoni mwa kitanda ili majimaji yote yatoke tumboni. Jeraha likafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizosuguliwa vizuri na kukazwa kwa uzi wa magome, likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa na kufunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto.

Saa mbili baadaye mtoto aliwekwa kwenye titi. Pini zilianza kutolewa siku ya tatu na zilikwisha siku ya sita. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona.

Tunayajua haya kwa sababu Robert Felkin, Mwingereza kijana aliyekuwa akisomea udaktari na kusafiri na wamisionari, alikuwepo na aliandika. Taarifa yake ilichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Aliandika joto la mwili la mgonjwa, mapigo ya moyo, hata kijeraha cha begani mwa mtoto kilichopona kwa siku nne. Jina la mpasuaji hakuliandika, wala majina ya wasaidizi, wala la mama. Kwangu mimi hilo ni pengo linaloumiza katika historia yetu ya tiba: mtazamaji ana jina, na mwenye ujuzi hana.

Wapo waliotilia shaka maelezo hayo, kwa kuwa shahidi ni mmoja. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Mwenye chuma cha moto alijua lini aguse. Msaidizi aliyepanua kingo za jeraha alijua ashike wapi. Pini zilikuwa tayari na dawa ilikuwa tayari. Kundi la watu wanaojaribu jambo kwa mara ya kwanza haliendi hivyo. Hapo palikuwa na walimu na wanafunzi, na mgonjwa huyu hakuwa wa kwanza. J.N.P. Davies, mtaalamu wa patholojia wa Makerere aliyeichunguza habari ya tiba ya Bunyoro na kuandika juu yake mwaka 1959, naye aliona dalili za ufundi uliokwisha kukomaa.

Ulaya ya wakati huo haikuwa na la kujivunia katika upasuaji huu. Akina mama wengi waliopasuliwa walikufa kwa damu au kwa usaha. Joseph Lister alikuwa ametangaza mwaka 1867 matumizi ya asidi ya kaboliki kuzuia vidonda kuoza, na bado wapasuaji wengi walikuwa wakibishana naye. Mwaka 1876 Eduardo Porro wa Italia aliamua kuukata na kuutoa mji wa mimba wote baada ya mtoto kutoka, maana hakuona njia nyingine ya kumwokoa mama. Ni mwaka 1882 tu ndipo Mjerumani Max Sänger alipowashawishi wenzake kwamba mji wa mimba ushonwe kwa uangalifu. Kabla yake wengi waliuacha bila kushona, kama walivyofanya Kahura. Na hapo ndipo penye udhaifu wa njia ya Kahura, kwa sababu kovu lisiloshonwa linaweza kupasuka katika mimba inayofuata.

Ujuzi unaokaa mikononi hupotea mwenye mikono anapokufa kabla ya kufundisha. Kuanzia mwisho wa 1893 Waingereza waliishambulia Bunyoro ya Mukama, yaani mfalme, Kabalega. Vita viliendelea kwa miaka, njaa na maradhi vikafuata, na mwaka 1899 Kabalega alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Shelisheli.

Tiba ya hospitali iliingia Uganda katika miaka hiyohiyo. Albert Cook alifika mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo. Mkewe, Katharine, aliyekuwa muuguzi, baadaye alianzisha mafunzo ya wakunga. Hospitali ya Mulago na Chuo cha Makerere vilianza kufundisha Waafrika udaktari mwaka 1924. Wahitimu wao walipasua, walizalisha, walitibu wodi nzima, na kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwaita wasaidizi. Walingoja hadi miaka ya 1950 ndipo sifa yao ya udaktari ikatambuliwa kikamilifu.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wake wazalendo walihesabika kuwa 12. Nchi isingeweza kungoja chuo kizalishe mamia. Ikaanza kuwachukua waganga wasaidizi waliokwisha kufanya kazi vijijini kwa miaka kadhaa na kuwaendeleza kuwa madaktari wasaidizi. Utaratibu uliokuja kuzoeleka ulikuwa wa miaka miwili ya masomo, ndani yake miezi mitatu ya upasuaji na miezi mitatu ya uzazi. Vitabu navyo viliandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo: Maurice King, aliyefundisha Makerere, alihariri mwaka 1966 kitabu cha tiba kwa nchi zenye uhaba, na baadaye akaongoza vitabu vya upasuaji vilivyoeleza hatua kwa hatua, kwa michoro, kazi ya mtu aliye peke yake katika hospitali ya wilaya.

Lakini kukata si sehemu ngumu kuliko zote. Kinachomsumbua mwanafunzi ni kujua lini akate. Uchungu pingamizi, yaani mtoto kushindwa kupita kwenye nyonga, hauji kwa kishindo. Saa zinapita, mama anachoka, mlango wa kizazi haufunguki zaidi, na mapigo ya moyo wa mtoto yanabadilika kidogokidogo. Mwaka 1972, huko Salisbury, ambayo leo ni Harare, R.H. Philpott na W.M. Castle walichapisha patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, yenye mistari miwili. Wa kwanza unafuata mlango wa kizazi unaofunguka sentimita moja kwa saa. Wa pili uko saa nne mbele yake. Mkunga aliye zahanati anapoona alama zake zimeuvuka mstari wa kwanza, anamtuma mama hospitali mapema. Karatasi hiyo moja, kwa maoni yangu, imefundisha maamuzi mema kuliko mihadhara mingi.

Katika hospitali ya Maweni, Kigoma, daktari bingwa Godfrey Mbaruku alionyesha kinachowezekana. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuletewa mashine za ajabu. Alifundisha wafanyakazi wakiwa kazini, akapigania wasihamishwe ovyo, akahakikisha maji, vifaa na damu vinapatikana kwa njia za hapohapo, na akaitisha vikao vya kujadili kila kifo.

Mwaka 2009 Mbaruku na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za Mwanza na Kigoma uliopitia zaidi ya operesheni kubwa 1,000 za uzazi. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana yoyote na ya madaktari wenye shahada. Anayeendelea kuwaona kama watu wa kuziba pengo na aiseme hoja yake mbele ya takwimu hizo.

Miaka hiyohiyo baadhi ya vituo vya afya vya Kigoma, Morogoro na Pwani vilijengewa vyumba vya upasuaji ili mama asisafirishwe kilomita nyingi akiwa kwenye uchungu. Madaktari wasaidizi walipelekwa kozi ya miezi mitatu ya upasuaji wa uzazi, na wauguzi wa vituo vilevile wakafundishwa kutoa nusukaputi na kuchoma sindano ya ganzi ya mgongoni. Walifundishwa pamoja, kwa kuwa mpasuaji asiye na mtu wa nusukaputi hawezi kufungua chumba.