Vitufe Geuzi katika Linux: Historia Fupi na Funzo kwa Sera ya Lugha

Kitufe geuzi hakiandiki herufi. Hubadili maana ya kitufe kingine kinachobonyezwa pamoja nacho. Asili yake ni taipureta. Mwaka 1878, Remington No. 2 ilileta Shift, na kitufe kimoja kikabeba herufi kubwa na ndogo. Hata hivyo, herufi zilichongwa kwenye chuma. Aliyehitaji nyingine alihitaji mashine nyingine.

Kompyuta zilirithi Shift na kuongeza Control na Alt, lakini kifungo cha chuma hakikuwa tena cha lazima. Mwaka 1987, toleo la 11 la mfumo wa madirisha wa X, ulioanzia MIT nchini Marekani, lilitenganisha kitufe na maana yake: kibodi hutuma namba, na jedwali ndani ya kompyuta huifasiri. Mfumo huo ulitenga nafasi nane za ugeuzi: Shift, Lock na Control, kisha Mod1 hadi Mod5, ambazo hazikupewa kazi maalumu. Linux, iliyoanza mwaka 1991, iliupokea. Kwa programu ya xmodmap, mtumiaji aliweza kugeuza Caps Lock kuwa Control. Baadaye XKB ilileta ngazi: kitufe kimoja kubeba herufi kadhaa, ngazi ya tatu ikifikiwa kwa Alt ya kulia.

Umuhimu wa hatua hiyo huonekana Afrika Mashariki. Kiswahili kilitoshelezwa na taipureta ya Kiingereza. Hata ng' huhitaji ritifaa tu. Gĩkũyũ, chenye irabu saba, hakikubahatika hivyo, kwa kuwa ĩ na ũ hazikuwamo. Leo mkusanyo wa xkeyboard-config una mipangilio ya Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, pamoja na wa Gĩkũyũ, ambamo Alt ya kulia na i huandika ĩ kwenye kibodi ileile ya dukani. Wayland, inayochukua nafasi ya X, inaendelea kutumia data hiyo.

Kwa hiyo, kikwazo kimehama kutoka kwenye kifaa hadi kwenye maafikiano. Mpangilio usiokubaliwa na wenye lugha, au usiowashwa kompyuta inapokabidhiwa shule au ofisi, hauandiki neno lolote. Mabaraza ya lugha yanapaswa kuafikiana kuhusu mipangilio na kuiwasilisha kwenye mkusanyo huo. Nazo wizara ziidai katika zabuni za ununuzi wa kompyuta.