Mwandishi Ndani ya Noti ya Buku

Kabla fedha haijaleta sura za watu mlimani Kilimanjaro, Wachaga walikuwa na mchongo wa namna nyingine. Mregho, fimbo iliyokatwa alama, ilikuwa mikononi mwa wazee walipowafunda vijana, na kila alama ilikuwa na somo lake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliyaandika mafunzo hayo kwa Kijerumani.

Shilingi nayo ilikuja na sura. Sarafu ya Afrika Mashariki ya 1921 ilikuwa na kichwa cha Mfalme George V upande mmoja, na upande wa pili simba mbele ya milima. Kahawa ya Mwika, Mamba na Marangu, huko huko mlimani, iliuzwa kwa fedha hizo za kifalme.

Tarehe 14 Juni 1966 Tanzania ikatoa shilingi yake, na noti zikabeba uso wa Julius Nyerere. Watu walimwona Rais. Wachache walikumbuka kwamba mtu huyo alikuwa ametafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, tafsiri iliyochapwa mwaka 1963. Mwaka 1969 ikafuata tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Leo Nyerere yuko kwenye noti ya shilingi 1000, ile buku inayozunguka kutwa katika soko la Mwika. Muuza ndizi huipapasa kwa kidole gumba, kwa kuwa wino wa bamba lililochongwa huinuka juu ya karatasi, na mparuzo huo ni dalili ya noti halali. Mgongoni kuna Ikulu, si kitabu.

Shakespeare mwenyewe anajulikana kwa mchoro wa Martin Droeshout wa 1623, uliochongwa kwenye shaba miaka saba baada ya kifo chake: paji pana, ukosi mkubwa mgumu, bila kalamu. Mshairi mwenzake Ben Jonson aliweka shairi mkabala na picha hiyo, akimhimiza msomaji aache sura, atazame kitabu. Nyerere naye anastahili msomaji wa namna hiyo.

Kenya ilichukua njia nyingine. Jomo Kenyatta, mwandishi wa Facing Mount Kenya (1938), alikuwa kwenye noti kwa miaka mingi, kisha Katiba ya 2010 ikakataza sura za watu. Noti mpya zilitoka 2019.

Huku Kilimanjaro, Nathaniel Mtui wa Marangu alijaza madaftari kwa historia ya Wamangi, watawala wa Wachaga, na Petro Itosi Marealle akatoa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947. Wote wawili wanastahili, kama si noti, basi stempu, na Mtui achorwe akiwa na daftari lake mkononi.