Marley Marl na Mpiga Ngoma Asiyetajwa

Historia ya muziki aghalabu huandikwa kwa majina ya waimbaji. Sauti ya mwimbaji husikika, sura yake huonekana, na jina lake hukumbukwa. Walakini fundi aliyeunda mdundo hukaa gizani. Mwaka 1995 kampuni ya santuri ya Cold Chillin', ya New York, ilitoa mkusanyiko ulioitwa House of Hits, na jina lililotangazwa juu yake halikuwa la mghani hata mmoja, bali la mtayarishaji, Marley Marl. Mkusanyiko huo wafaa kutazamwa kama hati ya historia, maana ndani yake mna swali zito: mdundo ni mali ya nani?

Marlon Williams, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa mwaka 1962. Alikulia Queensbridge, mtaa wa nyumba za umma uliofunguliwa mwaka 1939 katika sehemu ya Queens, mjini New York. Mwaka 1984 alinasa sauti ya binti wa miaka 14, Roxanne Shanté, katika wimbo wa "Roxanne's Revenge," na wimbo huo ukavuma. Waghani wengine wakamzunguka, miongoni mwao MC Shan, Biz Markie, Big Daddy Kane na Kool G Rap, na kundi lao likajulikana kwa jina la Juice Crew.

Siku zile midundo mingi ya hip-hop ilitoka katika mashine za ngoma, zenye sauti kavu za umeme. Kama alivyosimulia mwenyewe, Marley Marl alikuwa akijaribu kunasa sauti ya mtu kutoka katika santuri, na kwa bahati akanasa pigo la ngoma. Alipolirudia, alilisikia kuwa zito na hai kuliko la mashine. Hapo akatambua kwamba aweza kuchukua pigo moja moja kutoka santuri za zamani na kuyapanga upya apendavyo. Bahati ilimjia, lakini ni sikio lake lililoitambua. Katika "The Bridge," wimbo wa MC Shan wa mwaka 1986, ngoma zilitoka katika "Impeach the President," santuri ya Honey Drippers ya mwaka 1973.

Njia hiyo ikawa shule. Pete Rock, aliyeshiriki katika kipindi chake katika redio ya WBLS, ndiye aliyetengeneza "The World Is Yours" kwa ajili ya Nas, mghani aliyekulia Queensbridge, mwaka 1994.

Hata hivyo, sifa hiyo ina deni. Mwaka 1990 Marley Marl alitengeneza "Mama Said Knock You Out" kwa ajili ya LL Cool J, na humo zimo ngoma za "Funky Drummer" wa James Brown, zilizopigwa na Clyde Stubblefield mwaka 1969. Haki za utunzi zilikuwa za Brown. Stubblefield, ambaye mikono yake imesikika katika nyimbo zisizohesabika, alifariki mwaka 2017 akiwa amepata malipo haba mno. Mwaka 1991 mahakama ya New York, katika shauri lililomhusu Biz Markie, iliamua kwamba kipande cha muziki kisitumiwe bila idhini. Lakini idhini hutolewa na mwenye hati, na mpiga ngoma wa kukodiwa aghalabu hana hati.

Basi House of Hits imetenda nusu ya haki. Imemtoa mtayarishaji gizani na kumweka mahali pake pa heshima, na hapana shaka alistahili. Nusu ya pili imebaki kwa wanahistoria: kusikiliza chini ya jina lililoandikwa, hata lisikike pigo la mtu asiyetajwa, kisha kumtaja. Yule aliyewafundisha wenziwe kusikia thamani ya pigo moja la ngoma ndiye pia aliyewapa sababu ya kumuuliza mpigaji jina lake.