Minyoo na kuhara: Hatari inayowakabili vilebu wachanga

KILEBU mwenye tumbo la duara huwafurahisha wengi wanaomtazama, kwani hudhaniwa kuwa ameshiba. Hata hivyo, tumbo hilo likiwa limefura huku mgongo na mbavu vikionekana, mara nyingi si shibe bali ni minyoo. Mtoto wa mbwa asipotibiwa mapema anaweza kufa kabla ya kutimiza miezi miwili.

Minyoo inayowasumbua zaidi vilebu ni mchango, ambao ni minyoo mirefu ya mviringo, na safura. Mchango uliokomaa ni mweupe, hufanana na tambi na unaweza kuzidi urefu wa sentimita 10. Safura ni midogo mno, lakini madhara yake ni makubwa kwa kuwa hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu.

Wafugaji wengi hushangaa kuona kilebu ambaye hajawahi kutoka nje ya kibanda akiwa na minyoo. Jibu lipo kwa mama yake. Mbwa jike anapopata mchango, baadhi ya viluwiluwi vyake hujificha katika misuli na viungo vingine vya mwili, vikalala humo kwa muda mrefu. Mimba, ambayo kwa mbwa huchukua takriban siku 63, inapokaribia ukingoni, viluwiluwi hivyo huamka na kupitia kondo la nyuma hadi kwa watoto walio tumboni. Vingine hupitia katika maziwa, na hiyo ndiyo njia kuu ya safura kuwafikia wanaonyonya.

Dawa nyingi za kawaida haziviui viluwiluwi vilivyolala mwilini. Kwa sababu hiyo, hata mama aliyepewa dawa anaweza kuzaa watoto wenye minyoo.

DALILI

Kilebu aliyeathirika huwa na tumbo lililofura, manyoya yasiyong'aa na mwili usiokua sawa na wa ndugu zake. Huharisha, na wakati mwingine hutapika au kunya minyoo mizima. Minyoo ikiwa mingi sana inaweza kuziba utumbo.

Mwenye safura hunya kinyesi cheusi kama lami au chenye damu. Ufizi wake hupauka ukawa mweupe badala ya kuwa wa waridi. Hiyo ni ishara ya upungufu wa damu, na mnyama huyo anahitaji daktari wa mifugo siku iyo hiyo.

Si kila kuhara husababishwa na minyoo. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, kama vile koksidia na giardia, huenea upesi katika vibanda vichafu vyenye msongamano. Kubadilishiwa chakula ghafla, au kunyweshwa maziwa mengi ya ng'ombe, pia huvuruga tumbo.

Hatari kubwa zaidi ni parvo, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa duniani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilebu hukataa chakula, hutapika mfululizo na kuharisha damu yenye uvundo mkali. Kumpa dawa ya minyoo pekee katika hali hiyo ni kupoteza wakati, kwani upungufu wa maji mwilini unaweza kumwua kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo, ambayo huanza kutolewa akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa hadi afikishe wiki 16 au zaidi.

MATIBABU

Vilebu wanafaa kupewa dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili, kisha wiki ya nne, ya sita na ya nane. Baada ya hapo hupewa kila mwezi hadi watimize miezi sita. Haifai kungoja mayai ya minyoo yaonekane kwa hadubini, kwa sababu minyoo michanga hudhuru utumbo kabla ya kuanza kutaga. Mama naye atibiwe pamoja na watoto wake.

Dawa kama vile pyrantel na fenbendazole hutumiwa sana kwa vilebu, ila kipimo hutegemea uzani. Kila mmoja apimwe kwa mizani badala ya kukisiwa. Minyoo ikitoka katika kinyesi siku moja au mbili baadaye, mwenye mbwa asishtuke, kwani ni dalili kwamba dawa imefanya kazi. Dawa za binadamu za kutuliza maumivu, kama vile paracetamol na ibuprofen, zisitumiwe bila agizo la daktari, kwani zinaweza kuwa sumu kwa mbwa.

Viroboto nao waangamizwe, maana kilebu akimmeza kiroboto aliyeambukizwa hupata tegu.

AFYA YA WATU

Suala hili linaihusu familia nzima. Mayai ya mchango yaliyo katika kinyesi huchukua wiki mbili au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kisha hudumu udongoni kwa miaka. Mtoto anayechezea mchanga na kutia vidole kinywani anaweza kuyameza, na viluwiluwi vikifika jichoni humharibia uwezo wa kuona. Viluwiluwi vya safura hupenya ngozi ya anayetembea pekupeku na kumsababishia mwasho mkali.

Katika maeneo ya wafugaji kama vile Turkana, kuna tegu mdogo wa mbwa ambaye kwa muda mrefu amesababisha uvimbe wenye maji katika maini na mapafu ya watu. Mbwa humpata kwa kula matumbo, maini au mapafu mabichi ya mifugo iliyoambukizwa. Mabaki hayo yafukiwe au yachemshwe, na kilebu aliyeachishwa ziwa asirushiwe kamwe.

Kuzoa kinyesi kila siku, kukausha kibanda na kuwafunza watoto kunawa mikono kwa sabuni huvunja mzunguko wa minyoo kabla haujavuka kutoka kwa mbwa hadi kwa mwenyewe.